Bustani ya Bangwe Ilipopanda Kichanjani

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Kilimo aliyenipokea mjini Kigoma hakuuliza cheti. Alisema, "Nionyeshe kucha." Nikanyoosha mikono. "Hizo ni za karani, binti. Nenda Bangwe ukazichafue." Mimi, mtoto wa Rombo niliyezaliwa migombani, kuambiwa vile! Nilitoka pale nimevimba kwa hasira.

Bangwe kulikuwa na kikundi cha akina mama waliopewa kiwanja kando ya ziwa. Huku bustani huanza masika yanapokatika: ardhi bado ina unyevu, maji ya kumwagilia yapo karibu, na mjini mboga zinaanza kuadimika. Lakini waanika dagaa nao walikitaka kiwanja kile, na Mtendaji wa Kata alikwishatamka: "Mwezi huu ukiisha sijaona miche, nawapa wenye dagaa."

Tukasia nyanya chungu na kabichi kitaluni, yaani kwenye tuta dogo la kulelea miche. Nikawaagiza akina mama walete nyasi kavu za kutandaza juu, zizuie jua. Wakaleta mzigo wa kutosha. Asubuhi tulikuta kitalu kimefukuliwa chote, na kuku wa mtaa mzima bado wamo. Kumbe nyasi zile zilikuwa zimeanikiwa dagaa.

"Yoo, mama, si ulisema kavu?" alijitetea Bi Zaituni, mwenyekiti wa kikundi. "Bangwe nzima hakuna kavu kuliko hizi."

Nilicheka mpaka machozi, kisha nikalia kweli. Kiwanja kilikuwa kinatuponyoka.

Nikawaambia dawa ya moto ni moto. Wenye dagaa wana vichanja, zile meza ndefu za miti wanazoanikia. Tukajenga vyetu, virefu kwenda juu kuku wasifikie, tukatandika magunia, tukajaza udongo na samadi, tukazungushia nyavu kuukuu na kusia upya huko juu.

Mtendaji alikuja kama alivyoahidi, akakagua ardhi. "Bibi shamba, naona udongo mtupu."

"Shikamoo, Mzee. Miche iko huku juu."

Akasogea, akachungulia. Ilikuwa imejaa, kijani kitupu.

"Ego, ndiyo Mzee," Bi Zaituni akadakia, "na sisi tumeanika!"

Mtendaji akacheka hadi akashika kichanja. "Haya, ishusheni mkapande. Kiwanja ni chenu."

Baadaye nilihamishiwa Ujiji, kisha nikarudi mjini na kukalia kiti cha yule Afisa Kilimo. Kila kijana aliyeripoti kwangu nilimpeleka kwanza Bangwe akaone vichanja vyetu. Ndiyo, najisifu, na sioni haya.

Sasa nimestaafu, naishi Buzebazeba. Mwaka huu mvua zilipokatika nilibeba jembe nikashuka Bangwe. Mwenyekiti siku hizi ni binti yake Bi Zaituni. Nilikuta miche imeshapandikizwa, imemwagiliwa na kutiwa kivuli. Nikauliza nisaidie wapi.

"Hakuna kilichobaki, bibi. Wewe kaa tu."

Nikakaa. Tangu niajiriwe, sijawahi kukaa kwa raha namna ile.