Mkono wa Jemadari

Mama Mkubwa, dada yake mama, ndiye aliyenilea, na tangu nipate akili nimemjua ana adui mmoja tu duniani: kutu. Kazi yake ni kutunza magobori katika makumbusho ya mji, zile bunduki za zamani zinazoshindiliwa baruti kwa kupitia mdomoni. Jengo lina vyumba vitatu, na bati linavuja katika viwili. Magobori yako kwenye cha tatu, na yeye yuko nayo.

Akiona doa la kutu hulilainisha kwa mafuta, akaliacha lilowe, kisha hulisugua taratibu kwa nyuzi za chuma, kama zile za kusugulia sufuria lakini laini zaidi. Mwishoni hupaka nta. Msasa hataki hata kuusikia. Ukimtajia msasa utadhani umemtukania wazazi.

Na kazi haibaki kazini. Mkobani mwake chupa ya mafuta ya cherehani haikosekani. Alipokwenda kung'oa jino, kiti cha daktari kilikuwa kinalia, basi akakipaka mafuta pale pale alipolala, mdomo wazi, ganzi imeshaingia. Daktari alimshukuru. Mimi niliona aibu mpaka nikatoka nje.

Lakini anachokiogopa kuliko mvua ni viganja vya watu. Jasho lina chumvi, na wapo watu ambao lao ni kali kupita kiasi: mmoja wao akishika chuma leo, kesho alama za vidole vyake zimegeuka kahawia. Hao anawaita watu wa mkono wa chumvi, na anawasema kama unavyosikia watu wakiwasema wezi. Yeye mwenyewe hagusi chuma bila glovu.

Hapo ndipo balaa langu lilipoanzia. Kwetu, mwanamume akija kuposa, Mama Mkubwa humpa msumari mpya aufumbate kiganjani mazungumzo yote. Msumari hulazwa kwenye kisahani. Asubuhi ukionekana na kutu, posa imeota mbawa. Mume wa dada yangu alifaulu vizuri sana, msumari ukabaki unang'aa. Huyo ndiye aliyekuja kumtoroka dada na makochi, televisheni na mapazia ya sebuleni. Mama Mkubwa hadi leo anasema msumari haukuwa na kosa.

Mchumba wangu anafundisha udereva. Amekaa kando ya watu waliomwingiza mtaroni, na hajawahi kupaza sauti. Lakini mbele ya wakwe viganja vyake hufunguka kama bomba. Nilipomsimulia habari ya msumari, kikombe kilimponyoka kikavunjika. Nilimpenda hivyo hivyo, na nilishaapa kwamba bila radhi ya Mama Mkubwa siolewi. Kwa hiyo nililia kidogo, kisha nikampeleka makumbusho.

Mama Mkubwa alitupokea kwa glovu zake nyeupe, akamtembeza mgeni kama anavyowatembeza wote, mpaka kwenye gobori analolipenda kuliko yote. Kwenye mtutu wake kuna alama ya kiganja na vidole vinne, kutu ya zamani iliyokwisha kula chuma.

"Huu ni mkono wa jemadari," alisema, kwa sauti ile ya wageni. "Alipigana mchana kutwa, akakataa kuliachia. Subirini hapa nilete msumari."

Kusikia msumari, mchumba wangu alirudi nyuma, akajikwaa. Akatafuta pa kushika, na cha karibu kilikuwa kipi? Mkono ukatua juu ya mtutu, paa!

Mama Mkubwa aligeuka. Mimi nilifumba macho.

"Nimeligusa, Mama," alisema mchumba wangu kabla hajaulizwa. Akauinua mkono uliolowa chapachapa. "Shikamoo. Samahani. Nina mkono wa chumvi tangu utotoni."

Mama Mkubwa alisogea, akainama. Alikuwa anatazama mtutu, na mimi nikatazama pia. Jasho lilikuwa limelala juu ya alama ya jemadari, kidole kwa kidole.

"Na Mama, usinielewe vibaya," mpumbavu wangu akaendelea, "lakini huyu jemadari hakuwa vitani. Jasho la kazi huteleza, haliachi alama nzima hivi. Mtu huyu alisimama hapa, akang'ang'ania. Alikuwa anaogopa. Sijui alikuwa anamwogopa nani."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Mimi," alisema Mama Mkubwa.

Kisha akacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha mlinzi, akajifuta machozi kwa kitambaa chenye mafuta, uso ukang'aa wote.

"Mkono huo ni wa Baba Mkubwa wenu," alisema. "Alikuwa mlinzi hapa. Alikuja kuniambia anataka kunioa, akashika hilo gobori nusu saa nzima, hata salamu haikumtoka. Asubuhi nikakuta mkono umeota kutu. Nikachukua mafuta, nikachukua nyuzi. Nikashindwa."

"Na jemadari?" niliuliza.

"Mkurugenzi aliniuliza alama ni ya nani. Ningesema nini?"

Aliinuka, akavua glovu ya mkono wa kulia. Sijawahi kumwona akigusa chuma mkono mtupu, kabla ya siku hiyo wala baadaye. Aliweka kiganja chake juu ya alama, akakaa nayo kidogo. Kisha akavaa glovu, akafuta jasho la mchumba wangu lote, akapaka mafuta, na kuzunguka alama ile ya zamani akapita polepole sana.

Msumari aliurudisha kwenye boksi lake.

"Pete nunueni ya dhahabu," alituambia mlangoni. "Ya chuma, kwa mkono huu, haitafika Ijumaa."