Msichana Aliyeambiwa Asigeuke

Ilsabe Niejahr alikuwa mwoga, na hakuona haya kukiri. Katika kisiwa cha Rügen, kaskazini mwa nchi za Wajerumani, ambako wanaume huchimba chaki kwenye magenge meupe yaliyosimama wima juu ya bahari na wake zao huibeba kwa vikapu, uoga wake ulikuwa mzaha wa kijiji kizima. Mvua ikinyesha, halali. Mlango ukijibamiza, mkono wake huingia mfukoni mwa aproni, ambamo kwa miaka tisa alikuwa akibeba mawe mawili ya gumegume, yale meusi magumu yanayotoa cheche.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," jirani yake Trin Looks humtania kisimani. "Ehe, Ilsabe, leo umeogopa nini? Kuku?"

"Kuku wako, ndiyo. Ana macho kama ya mumeo."

Nao hucheka wote wawili. Lakini nyoka aliyemuuma Ilsabe hakuwa mzaha.

Wachimba chaki hawapigi kelele chini ya genge. Anayeiona hatari hugonga mawe mawili ya gumegume mara tatu, na kila mwenye masikio huanguka kifudifudi akatambaa kutoka, hata kama ana tonge mdomoni. Watoto hufundishwa hayo kabla ya kufundishwa sala. Lakini siku moja, miaka tisa iliyopita, Ilsabe aliona vumbi likichuruzika juu ya kichwa cha mumewe, Jochen, na hofu ikamsahaulisha mawe. Akamwita kwa jina. Jochen akasimama, akageuka kumtazama mkewe ana nini. Akiwa amesimama hivyo, chaki ikamfunika.

Basi mwaka wa tano tangu Waprusi wakitwae kisiwa kutoka kwa Waswidi, nyumbani kwa Ilsabe alipanga mchoraji kutoka mji wa Dresden, Bwana Althoff, kijana mrefu mwenye ndevu za mashavuni, mmoja wa wale walioitwa Waromantiki. Mtindo wao siku hizo ulikuwa umeingia kila mahali, kwenye mashairi, kwenye muziki, kwenye picha. Walikuwa wamechoshwa na kanuni na sanamu za Kiyunani. Walitaka ukungu, magofu, mwezi, na moyo unaotetemeka. Mtu anayesafiri siku sita kutafuta kutetemeka, bila shaka kwao hajawahi kutetemeshwa.

"Mama Niejahr," alimwambia asubuhi moja mezani, "iko hofu tamu. Ukisimama peke yako mbele ya bahari, ukajiona mdogo kama punje, roho hupanuka."

"Yangu husinyaa, bwana. Kula, uji unapoa."

Alichotaka ni msichana wa kusimama ukingoni mwa genge, amempa mgongo. Wachoraji wa mtindo ule walipenda migongo. Eti mwenye kuitazama picha aione bahari kwa macho ya huyo aliyesimama. Stine, binti wa pekee wa Ilsabe, mwenye miaka kumi na tisa, alirukaruka kwa furaha. Mama yake akakataa katakata.

"Mama, utanifungia kabatini mpaka niolewe?"

"Na baada ya kuolewa pia."

Machozi ya siku mbili yakamchosha. Siku ya tatu akaenda mwenyewe msituni kupakagua mahali palipochaguliwa. Alipapasa nyasi kwa mikono, akapiga ardhi kwa kisigino, akasikiliza. Ilikuwa nzima. Akakubali. Huko kukubali kulikuja kumla moyo baadaye.

Bwana Althoff akamvika Stine gauni jekundu la mjini lililoburuzika chini hata hakuweza kuiona miguu yake mwenyewe, akampa sharti moja tu.

"Usigeuke. Nikikuita, usigeuke. Nikipiga chafya, usigeuke. Ukigeuza kichwa, picha imekufa."

Stine akilishika jambo huwa amelishika. Tarehe tatu Septemba alisimama tuli mpaka kunguru akatua karibu naye. Tarehe tano vivyo hivyo. Kisha ikanyesha mvua siku mbili, usiku na mchana. Tarehe nane wakaenda tena, na tarehe tisa wakaondoka mapema, kulikuwa na jua.

Ilsabe akaingia chumba cha mgeni kufagia. Michoro ilikuwa imebandikwa ukutani, kila mmoja na tarehe yake pembeni, maana Bwana Althoff alikuwa na ibada ya kuchora kila jani kama lilivyo na kuandika siku aliyolichora. Ilsabe hakujua kusoma, ila tarakimu alizijua kutokana na ubao wa nyimbo kanisani. Tatu. Tano. Nane.

Kwanza aliuona mgongo wa mwanawe, akaona fahari. Kisha akaziona nyasi. Katika mchoro wa tarehe tatu, nyuma ya Stine palikuwa na nyasi tu. Katika ule wa tarehe tano palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Katika ule wa tarehe nane mstari ulikuwa umejikunja kama mundu: ulianzia ukingoni kushoto, ukapita nyuma ya visigino vya msichana, ukarudi ukingoni kulia. Husemwa mwenye macho haambiwi tazama. Mwenye macho huyu alikuwa ameuchora ufa kwa mapenzi, jani kwa jani, asijue ni ufa.

Ufagio ukamponyoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa chaki hauzibiki, na huko chini hakuna wa kujenga kitu. Stine alikuwa amesimama juu ya ardhi iliyokwisha kukatwa.

Alikimbia. Kiatu kimoja kilibaki matopeni. Njia nzima alikuwa akisema, "Nimekubali mimi, nimekubali mimi." Alipotokeza msituni alimwona Bwana Althoff ameinamia ubao wake, na mbele yake, hatua kumi, lile gauni jekundu. Ufa sasa ungeweza kumeza mkono.

"Mama Niejahr! Tafadhali, mwanga ndio kwanza..."

"Nyamaza," alinong'ona. "Usiinue hata mguu."

Jina la Stine lilimjaa kinywani. Alitaka kulipiga ukelele kama alivyotaka kuvuta pumzi. Lakini binti huyu alikuwa amefundishwa asigeuke akiitwa, na kama angegeuka, angesimama kuuliza kuna nini, kama baba yake. Ilsabe akauma mdomo mpaka akasikia ladha ya damu. Akatia mkono mfukoni. Jiwe moja likamponyoka likapotea nyasini. Akapiga magoti, akapapasa, akalia bila sauti, akalipata.

Ta. Ta. Ta.

Stine alikuwa chini kifudifudi kabla hata hajafikiri. Hakuuliza kitu. Akajizungusha, akatambaa kwa viwiko na magoti, gauni likimkwaza, na chini yake kitu kikaguna. Ilsabe akalala juu ya tumbo, akanyoosha mikono kuvuka ufa, akashika nywele, akashika bega, akavuta. Nyasi alizokuwa amesimamia msichana zikainama kuelekea baharini, polepole, kisha hazikuwepo. Mshindo ulichelewa sana kufika kutoka chini.

Bwana Althoff aliketi matopeni, mweupe kama chaki yenyewe.

"Niliuchora," alisema. "Mama Niejahr, niliuchora kwa mkono wangu."

"Ndiyo, bwana. Tena uliuchora vizuri."

Kiangazi kilichofuata alirudi na picha iliyokamilika, akaisimamisha sebuleni kwa Ilsabe. Kijiji kizima kikaja kutazama.

"Jamani, palivyotulia!" alisema Trin Looks. "Mtu angetamani kwenda kusimama hapo."

Bahari ilikuwa imetulia, anga lilikuwa safi, na Stine alikuwa amesimama ukingoni mwa genge na gauni lake jekundu, amewapa mgongo. Nyuma yake nyasi zilikuwa laini, nzima.

"Ufa uko wapi?" Ilsabe aliuliza.

"Nimeuacha," alijibu Bwana Althoff, macho chini. "Mkono ulinikatalia, Mama."

Stine alikuwa jikoni, mikono imejaa unga. Aliwaona wengine wakitoka mmoja mmoja, mama yake akibaki, akaja mpaka mlangoni.

"Mama, geuka basi. Niko huku."

Ilsabe alimsikia. Lakini yule wa pichani alikuwa bado amesimama ukingoni, na hakuna aliyemgongea mawe. Akatia mkono mfukoni mwa aproni, akayashika mawe yote mawili, asithubutu kugeuka.