Mutoto Hajamaliza

Kiti cha plastiki kikivunjika chini kinasema pa! na watu wanacheka. Kikivunjika juu ya mtu kinatoa sauti nyingine, fupi, nzito, yenye maji ndani, kama papai lililoanguka. Sauti hiyo bado ninayo masikioni. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu, mdomo wazi, na kichwa kilichokuwa chini ya kiti hicho kilikuwa cha mjomba wangu.

Siku hiyo kamati ya mtaa ilikuwa imewaita vijana wa vyama vyote Buterere, chini ya shitingi, turubai la plastiki, iliyofungwa kwenye miti, kando ya mashamba ya mpunga. Uchaguzi ulikuwa unakaribia. Mada ilikuwa uzalendo. Neno hilo mimi nililitoa kwenye redio za ng'ambo ya ziwa; sisi hapa Bujumbura tunasema tu kupenda inchi. Niliombwa kusoma shairi langu kwa sababu pale Mutanga Nord ninapopiga pasi nguo za watu, kila mteja alikuwa ameshalisikia, atake asitake.

Shule niliiacha darasa la tisa, lakini kuota sikuacha. Niliota shairi langu limeingia kwenye kitabu cha shule na watoto wanachapwa kwa kushindwa kulikariri. Halafu nikawahurumia, nikaota mwalimu amewasamehe.

Shairi lenyewe lilichezea neno moja. Kwa Kirundi kura unaichagua tu, kwa upole, kama mtu anayeokota kitu. Kwa Kiswahili tunaipiga. Simu tunapiga, picha tunapiga, pasi tunapiga, hata magoti tunapiga. Niliona utamu hapo. Basi mwisho kabisa wa shairi niliweka, "Tupige, tupige, tupige..." halafu ninyamaze kidogo, watu wajiulize tupige nini, ndipo niseme "kura".

Kabla yangu alizungumza kijana mmoja mwenye kofia ya chama chake. Alisema mzalendo ni yule aliye tayari kuvunja mfupa kwa ajili ya inchi, wake au wa mwenzake. Wa upande wake wakashangilia, wa upande mwingine wakazomea. Mjomba alikuwa ameketi nyuma. Yeye ni fundi wa pikipiki, na siku hiyo alikuwa amevaa shati lake la Ijumaa, jeupe lenye mistari ya buluu, kwa heshima yangu.

"Mzee, na we uko upande gani?" kijana akamwuliza.

"Mi niko upande wa kivuli," mjomba akajibu. "Huko kwenu jua iko kali."

Hata wale waliokuwa wakizomeana walicheka pamoja. Kijana mwenye kofia hakucheka.

Zamu yangu ikafika. Nilisoma vizuri, sauti haikutetemeka, na mwishoni nikasema tupige, tupige, tupige. Nikanyamaza. Ndani ya kimya changu, mtu akapiga kelele kutoka pembeni:

"Hawa!"

Tupige hawa. Fimbo zilitoka chini ya viti, ambako zilikuwa zimelazwa tangu asubuhi. Kijana mmoja alipigwa mdomoni, akainama kutafuta meno yake kwenye majani, akapigwa tena mgongoni akiwa ameinama. Msichana alikuwa anaburutwa kwa nywele huku ameshikilia kiatu kimoja. Mti ulikatika, shitingi ikashuka, na waliokuwa chini yake wakaendelea kupigana humo humo bila kujua ni nani wanampiga. Na mimi bado nilikuwa nimesimama na neno langu mdomoni.

Mjomba hakukimbia. Alikuja mbele akitembea, mkono juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa.

"Mungojee! Mutoto hajamaliza! Mumuache amalize!"

Alisema hivyo mara ya pili, na ya tatu haikufika mwisho. Kijana mwenye kofia alishusha kiti juu yake. Kikabaki mguu tu mkononi, naye akautumia huo huo kwenye taya. Nikajilaza juu ya mjomba. Kuna fimbo ilinipata mbavuni, pumzi ikakatika, lakini sikutoka. Walipogeukia wengine nilimvuta hadi kwenye mfereji wa mpunga, mawe yakituangukia ndani ya matope. Mistari ya shati haikuonekana tena. Kila kitu kilikuwa rangi moja.

Siku nyingi hospitalini hatukujua kama atapona. Taya lilifungwa kwa waya, akawa anakunywa uji kwa mrija. Mimi nilirudi kazini, lakini neno kupiga lilikuwa limenishinda. Kwa wateja nilisema, "Nguo yako nimeinyoosha." Na siku ya kura niliiita ile siku.

Mjomba aliporudi nyumbani Carama, mawe yalianza kuanguka juu ya mabati mchana kweupe. Vijana wakipita walimwita mke wake kwa adabu kabisa: "Mama! Umwambie mzee, siku ya kura abaki kwenye kivuli chake!"

Mjomba alisema kwa meno yaliyofungwa kwamba atakwenda.

"Inchi ikupe kwanza taya ingine," mke wake akamjibu. "Halafu utaenda na shati gani?"

Jioni ya kuamkia uchaguzi mke alikuwa ameloweka mashati yote ya mjomba kwenye beseni, na mvua ilikuwa inanyesha. Akaketi mlangoni, mikono imejaa povu, machozi yakimtoka. Nilikuwa upande wake.

"Mjomba, ubaki tu," nilimwambia. "Watakuua. Kura moja ni nini?"

Mjomba akaweka mrija wake wa uji chini.

"Apana. We uniambie kwanza, shairi yako ilikuwa inaishia wapi?"

Usiku huo nililala kwao. Mimi sikusoma sana, na kuna watu wataeleza uzalendo vizuri kuliko mimi. Lakini nikilisikia neno hilo sioni bendera. Ninaona mkono ule ulioinuliwa, na mtu anayeomba mwingine aachwe amalize kusema, kabla hata ya kujua atasema nini.

Asubuhi niliamka kabla yao. Shati pekee lililokuwa kavu, lile la mistari, lilikuwa kwenye mfuko chini ya meza. Mke wa mjomba alilifua mara nyingi, akashindwa kulitupa. Damu ilikuwa imebaki kifuani, rangi ya chai. Niliwasha makaa kwenye pasi, nikaenda nalo nyuma ya nyumba, nikalilaza juu ya blanketi, nikalinyunyizia maji. Nilianza na kola. Mvuke ulipopanda nilisikia harufu ya siku ile, nikainua pasi, nikaishusha tena, nikaendelea. Doa lilibaki palepale. Makunyanzi yalitoka.

"Tupige, tupige, tupige," nikasema polepole. Nikanyamaza. Hakuna aliyejibu.

"Kura," nikasema, nikageuza shati, nikaanza mkono wa pili.