Mtama Mwekundu wa Bibi

Juzi nilifika kwetu Mogitu na mfuko wa mbegu ya mtama niliyonunua dukani Katesh. Mama alikuwa amenipigia simu kwamba mahindi yamekauka tena kabla ya kubeba. Akaufungua mfuko, akachota punje kiganjani, akazitazama kwa muda mrefu. "Mweupe," akasema, akazirudisha. Tangu hapo sina raha, na acha nikuambie sababu.

Bibi alilima mtama mwekundu, mrefu kuliko mtu mzima. Mwaka wa jua kali, mashamba ya jirani yakiungua, sisi tulivuna. Tulikula ugali wake mzito wenye rangi ya udongo, tukanywa uji wake uliochachuka kidogo, wakubwa wakapata pombe na ng'ombe wakapata mabua. Masuke bora bibi aliyafunga kwa kamba akayaning'iniza juu ya mafiga, yapigwe moshi, wadudu wasiyaguse. "Haya hayaliwi hata tukifa njaa," alituambia, na hakuwa na mzaha.

Mimi niliuchukia. Ukianza kukomaa, ndege walivamia shamba, nami nilikuwa huko tangu alfajiri napiga debe mpaka viganja vinawaka. Shuleni nilifika nimechelewa, mwalimu ananichapa, na wenzangu waliokula ugali mweupe wananicheka.

Bibi alifariki nikiwa darasa la tano. Ndugu walikuja mpaka kutoka Dirma, ikabidi ipikwe pombe ya kumaliza matanga. Sasa kimea cha pombe kinataka punje inayoota, na mtama wa ghalani ulikuwa umetobolewa na fukusi. Shangazi, aliyekuwa ameolewa mbali, akainua macho juu ya mafiga.

"Mwanangu, bibi yako haya aliyaweka ya nini?"

"Sijui, shangazi."

Nilijua sana kuwa ni mbegu. Niliwaza ndege, debe na fimbo ya mwalimu, nikapanda kwenye kigoda nikayashusha kwa mikono yangu. Punje ziliota vizuri mno ndani ya gunia lililolowa. Tukazianika, tukazisaga. Wakubwa walikunywa wakimsifu marehemu kwa mtama wake. Msimu uliofuata tulipanda mahindi, nami nikawa nawahi shule kila siku.

Juzi hiyo nikamweleza mama yote, nikitegemea atanigombeza. Aliendelea kuufunga mfuko.

"Nilikuwa mlangoni, nilikusikia ukimjibu shangazi yako," akasema. "Nikanyamaza. Na mimi nilikuwa nimechoka kuusaga."

Nilikasirika, sijui kama nilimkasirikia yeye au nafsi yangu. Nimeuulizia ule mwekundu Dirma, nimeuulizia Basotu. Wazee baada ya shikamoo wananieleza rangi yake, urefu wake, hata harufu ya uji wake. Punje hakuna aliye nayo, na sisi tuliokuwa nazo tulizinywa kwa siku moja.