Siku Shemeji Alipofunga kwa Ukaidi

Nyinyi vijana mnaoniuliza kama ni kweli hata maji hatunywi: ni kweli, na hakuna aliyekufa. Kanisa letu hapa Kalamba linashika Siku ya Upatanisho kama Wayahudi. Jua likizama tunafunga mpaka nyota zitoke jioni ya kesho. Lakini kwanza uende kwa uliyemkosea, uombe msamaha. Bila hiyo umeshinda njaa bure.

Mzee wangu, baba wa watoto wangu, aliazima ng'ombe wa kulimia wa ndugu yake, akamrudisha akichechemea. Tangu hapo hawakusalimiana, na sasa mvua ilikuwa karibu nasi hatuna ng'ombe wa kulimia. Mchana, kabla mfungo haujaanza, nikamwambia, "Usipoenda kwake, usifunge. Nitakupikia ule peke yako, watu wakikuona."

Akaoga. Akatafuta kofia. Akakagua mbuzi ambao hajawahi kuwakagua. Tulipofika kwa shemeji, jua lilikuwa limeshazama.

"Ndugu yangu, yule ng'ombe nilimuumiza mimi. Nisamehe."

Shemeji akaagiza chakula. Ikaja sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyotwangwa na maharagwe, inatoa moshi.

Kwetu Ukambani ukisamehewa unakula. Ukikataa, basi uliomba kwa mdomo tu. Mzee akaniangalia. Mimi nikaangalia mabati.

"Jua limezama," akasema. "Nimefunga."

"Wiki nzima umekula kwako, ukifika kwangu ndio unafunga?"

"Ni Mungu, si mimi."

"Mungu ana shida gani na muthokoi wangu?"

Shemeji akasimama. Nikaona ng'ombe na undugu vinaondoka pamoja. Nikasema, "Shemeji, funika hiyo sufuria. Kesho nyota zikitoka, chakula chako ndicho atakachokula kwanza."

Akaifunika. "Basi hata mimi sili mpaka ale. Na nitamchunga."

Asubuhi akaja kwetu, mtu ambaye hajaingia kanisani tangu arusi yake, akaweka kiti mbele ya mzee wangu. Mzee akimeza mate, anaulizwa, "Hiyo ni nini?" Wakapiga domo mchana kutwa, maana mdomo haukuwa na kazi nyingine. Shemeji ndiye aliyeona nyota ya kwanza, ingawa mimi nilisema ni ndege ya Mombasa. Tukaenda kwake, wakala kwenye sahani moja, na tukaahidiwa ng'ombe kabla sufuria haijaisha.

Tuliporudi nikawaita wote wa nyumba yangu. "Kuanzia leo, katika boma hili msamaha unaombwa asubuhi, kabla mtu hajawasha jiko."