Maziwa ya Bi Kazija Yalipopoa

Ilikuwa mwaka wa sitini na saba. La, nakosea, sitini na saba nilikuwa bado nafagia soko la Darajani. Kazi ya afya niliipata sitini na nane, na ndipo nilipomjua Bi Kazija wa Welezo.

Alikuwa mjane, mwembamba, ana ng'ombe watatu. Kila asubuhi huja mjini kwa miguu, kopo la maziwa kichwani, kalizungushia gunia lisiingie vumbi. Yote huyanunua Himid, muuza aiskrimu wa Mkunazini. Himid akisema maziwa ya Bi Kazija ukiyagandisha hayafanyi chenga za barafu.

Kazi yangu mimi ilikuwa kumwaga. Bwana Muhiddin, bwana afya wetu, hutia kipimo chake cha kioo ndani ya maziwa. Kikielea vizuri, ni mazima. Kikizama kupita mstari, yametiwa maji, na mimi nayamwaga mtaroni. Ukikamatwa mara mbili unanyang'anywa leseni, na Bi Kazija alikuwa keshakamatwa mara moja, jina limo daftarini.

Siku hiyo, mlangoni kwa Himid, kipimo kikazama tena.

"Maji haya, Bi Kazija," alisema Bwana Muhiddin.

"Si maji. Nimekamua nikatoka papo hapo, na gunia limeyaweka moto bado. Kitu cha moto hufura, kikawa chepesi, Bwana. Ngoja yapoe."

"Maji hayageuki maziwa kwa kupoa."

"Ndiyo mlivyofundishwa skuli? Wewe jikoni hujapata kuingia."

Watu wakacheka. Mchuuzi mmoja akamwambia atie na majani, iwe chai. Bi Kazija hakumtazama hata. Akaketi barazani, kopo kalikumbatia.

"Nnakaa hapa hapa. Mkiyamwaga, mnimwage na mimi."

Nilikuwa nshanyoosha mkono. Nikaurudisha. Himid akatoa beseni la barafu, kopo likatiwa humo, Bwana Muhiddin akaendelea kupima ya wengine, kanuna.

Yalipopoa akatia kipimo. Kikapanda, kikasimama pale panapotakiwa. Akakitoa, akakifuta, akatia tena. Pale pale. Basi akavua kofia mbele ya watu wote.

"Nimekukosea, mama. Na ile mara ya kwanza pia."

"Nshasamehe. Ila lifute jina langu daftarini."

Akalifuta, sote tunaona.

Tangu siku ile hatukupima maziwa ya moto. Beseni la barafu nililibeba mimi, Unguja mjini kote, mpaka sabini na mbili, na sikuona kazi ya heshima kuliko ile. Bi Kazija akinipita hunichokoza, "Yameshapoa?" nami nikijibu, "Naam, Bi Kazija," kama askari.

Lakini nilimwuliza Bwana Muhiddin, na aliyekuja baada yake nikamwuliza, na hadi leo najiuliza mwenyewe: yale niliyoyamwaga kabla ya siku ile, mangapi yalikuwa na moto tu?