Kovu la Kaka Chini ya Askari

Mteja alimpindua yule askari mdogo wa aluminiamu, akatazama chini yake, akamwuliza binamu yangu, "Hawa nani anawatengeneza?"

"Mimi mwenyewe, mzee. Kazi ya mikono yangu hii."

Nilikuwa nimesimama hapohapo mezani kwake, kwenye maonyesho, Dodoma mjini. Niliangalia tu pale chini palipopigwa tupa mpaka pakang'aa.

Askari wale aliwasubu kaka yangu, kijijini kwetu Busi. Aliyeyusha sufuria mbovu, akamimina kwenye kalibu za udongo wa kichuguu. Mimi nilivukuta moto. Kila kalibu ikiwa bado mbichi aliikandamiza kwa dole gumba, lile lenye kovu la panga, na kovu likatokea chini ya askari. Wanaokusanya vitu hivi walimpindua kwanza, wakaliona kovu, ndipo wakatazama sura.

Masika yale binamu, mtoto wa shangazi, alikuja kutuhimiza. Wateja wanangoja. Kaka akasema kalibu hazijakauka, zikae darini juu ya jiko siku mbili tatu.

"Wewe unazilea kama vichanga," binamu akacheka. "Dada, zianike juani hizo."

Nikazianika. Nikapapasa nje, pakavu, nikasema tayari. Ndani kulikuwa na maji. Kaka alipomimina, kalibu ikampasukia usoni. Mimi niliungua mikono na shingo, nikapona. Yeye tukamzika siku ya nne.

Kwenye arobaini vitu vya marehemu vikagawiwa. Sanduku la askari nilimpa binamu kwa mikono hii, liwe kumbukumbu. Sikulia siku ile. Sijalia mpaka leo.

Mteja alipoondoka nilimwuliza binamu, "Kovu umelipeleka wapi?"

"Dada, watu hawataki vitu vya maiti."

Basi, akaendelea kupanga askari wake mezani.

Shule niliishia la nne, lakini hili naliandika. Kosa la kalibu ni langu na lako, binamu. Langu nimeshalikiri mbele ya mama. Wewe unakaa Nkuhungu, huko mjini, unaitwa fundi. Njoo Busi Ijumaa, baada ya swala, ukae mkekani, mama akuulize na watu wasikie: nani aliwatengeneza askari wale, nani alituhimiza, na nani alimfuta mwanawe kwa tupa. Umjibu.